Nilihamisha Vijiti vya Mke Wangu Shambani

Admin, ficha jina langu kabisa, maana mke wangu naye anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, mkulima wa waru, yaani viazi, upande wa Mweiga, baba wa watoto watatu. Sinywi pombe, sina mwanamke wa nje, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Nasema haya mapema msije mkadhani ni kisa cha mlevi. Nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili zangu, na ni wivu ulionifikisha hapo.

Mwaka jana mke wangu, nimwite Mama Ciku, alinogewa na tamthilia moja ya Wazungu wa zamani iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ni ya mwanamke anayetaka kuwa mwanasayansi wa mimea enzi ambazo wanawake hawakuruhusiwa hata kuingia maabara. Huyo mwanamke ana mume mwenye masharubu, mpole kupindukia, anayembebea chupa zake na kumwandikia majina ya mimea. Kila jioni nakula chakula changu huku mke wangu akimtazama huyo mwanaume. "Ona vile anamsaidia," ananiambia, "na hata hamwambii ati achana na hizo vitu." Nilimchukia yule mwanaume wa masharubu kama mtu anayekuja nyumbani kwangu.

Sasa nikadhani ni mambo ya runinga tu, yatapita. Hayakupita. Waru zilipochanua, Mama Ciku alizunguka shamba zima akifunga uzi kwenye mashina yasiyo na ugonjwa. Wakati wa kuvuna akachimba hayo peke yake, akayaweka yawe mbegu. Msimu uliofuata akaniomba kipande cha shamba ajaribu. Alipanda mistari kumi na miwili, mingine mbegu yake ya kuchagua, mingine zile ndogo ndogo zinazobaki ghalani, ambazo ndizo sisi sote hupanda. Aliichanganya mistari, akaweka vijiti vyekundu kwa mbegu yake na vyeupe kwa ile ya kawaida. Mimi ndiye niliyemshikia kamba tukipima.

Kilichoniuma si waru. Kwa miaka ishirini mtu akiwa na shida ya waru kijijini alikuja kwangu. Sasa wanafika kwa geti wananisalimia vizuri, halafu wanauliza, "Mama Ciku ako?" Afisa wa kilimo alikuja, nikatoka na kofia mkononi nikijua amenitafuta mimi. Akanisalimia, akanipita, akaenda kuchuchumaa kwenye mistari na mke wangu karibu saa nzima. Jirani mmoja akanitania, "Siku hizi wewe ni bwana ya daktari wa waru." Nilicheka naye.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, mamake mke wangu aliugua, naye Mama Ciku akaenda kumuuguza huko Wamagana. Aliniachia kazi ya kukata mashina ili waru zikomae ganda. Akanipigia simu, "Baba Ciku, ukikata chunga vijiti zangu, tafadhali." Nilikata. Nilipomaliza, mistari yote ilikuwa udongo mtupu, huwezi kuitofautisha isipokuwa kwa rangi ya vijiti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, na hakuna aliyenituma. Niling'oa kila chekundu nikakiweka penye cheupe, na cheupe penye chekundu. Kwenye kitabu chake cha kuandikia mambo ya shamba alikuwa ameandika rangi tu, hakuwa amechora ni mstari upi uko wapi. Nilijua hilo kwa sababu nilikuwa nimekipekua.

Aliporudi tukavuna, tukapima kila mstari kwa mizani. Mbegu yake ilizaa vizuri ajabu, karibu maradufu, lakini mavuno yote yalisomeka kwa vijiti vyeupe, kama ni ya mbegu ya kawaida. Alipima mara ya pili. Kisha akakaa kwenye gunia, akasema, "Na majani ilikuwa mazuri sana hapo kwa nyekundu. Kumbe majani inaweza kukudanganya." Nilimwambia aachane nayo, asiandike. Akanikatalia. "Nitaandika vile nimeona, hata kama inaniuma."

Ndugu zangu, nilipata nilichotaka. Tamthilia haitazami tena, jioni tunaangalia habari. Watu wameanza kuniuliza mimi tena. Lakini sina raha hata kidogo. Wenzake wa kikundi cha akina mama walikuwa wamemuiga, kila mmoja ameweka magunia ya mbegu ya kuchagua akingoja matokeo. Jumamosi hii wanakutana kwetu, na amejiandaa kuwaambia alikosea. Wenye vibanda vya chipsi Nyeri mjini wako tayari kuyanunua hayo magunia, halafu akina mama wapande zile takataka za ghalani. Mvua iko karibu. Wengine wao ni wajane, waru ndiyo karo na ndiyo chakula.

Nikisema ukweli, nampa mke wangu ushindi wake na nampa pia sababu ya kutoniangalia usoni tena. Kanisa litajua, kijiji kitajua. Nikinyamaza, nitakula naye kila siku nikijua nilichomfanyia.

Jana tukinywa chai aliniuliza, "Baba Ciku, wewe hukushangaa tukipima, ulikuwa umejua tangu mwanzo haitafanya kazi. Mbona hukuniambia?" Nikamjibu kwamba sikutaka kumvunja moyo. Akanishika mkono, akasema, "Asante. Mwanaume mwingine angenicheka."

Nishaurini, hata kwa kunitukana. Jumamosi ni keshokutwa. Nimwambie vipi?