Mpangilio Wangu kwenye Kompyuta ya Mzee Gwakisa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Tukuyu, mwanangu, nilipomtia aibu mtu aliyenifundisha kazi, na mimi nikidhani nimemsaidia.

Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi ndogo kule Bagamoyo, mtaa huu wetu wa Tukuyu, siyo ule mji wa pwani. Ni miaka ile ya watu kupunguzwa kazini. Meza za kuchorea zilishatolewa, tukaletewa kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya. Nilikuwa nimetoka kozi Dar, na jeuri nilikuwa nayo, usinione nimepoa hivi. Programu ya kuchorea niliipanga nilivyopenda mwenyewe: vitufe nilivyovitumia sana vyote juu, rangi za mistari nilizozichagua, amri ndefu nimezifupisha kwa herufi moja moja. Kazi ya siku mbili naimaliza kwa siku moja. Nikaona ni uchoyo kukaa nayo peke yangu. Ijumaa, wenzangu walipoondoka, nikauweka mpangilio wangu kwenye folda ya ofisi nzima na kuziamuru kompyuta zote ziuchukue humo. Sikumuuliza mtu.

Jumatatu Mzee Gwakisa akawasha yake. Huyu ndiye aliyenifundisha tangu siku za wino na rula. Macho yalishaanza kumchoka, na mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Kwa miezi mingi alikuwa amejipangia taratibu: maandishi makubwa, skrini nyeupe, vitufe upande wa kushoto. Vyote vimefutika. Na saa sita mchana ramani ya wodi ya wazazi ya Masukulu ilitakiwa ipande gari la Mbeya.

Meneja akamkuta ameduwaa, mikono mapajani. Akasema mbele yetu sote kwamba kama kompyuta zimemshinda aseme mapema, maana orodha ya wanaopunguzwa haijafungwa. Mwanangu, nilijua kosa ni langu, na nikanyamaza. Niliogopa jina langu nalo lisije likaingia humo. Nikanyamaza hadi nikamwona mzee anafungua droo na kuanza kukusanya kalamu zake.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikamwambia meneja ni mimi niliyevuruga. Nilisemwa siku hiyo, nikasemeka. Mzee yeye hakunigombeza. Alivuta kiti cha pili, akanionyesha nikae.

"Najua unanipenda," akaniambia. "Lakini hukuniuliza mimi nafanyaje kazi."

Nililia, sikufichi. Nakala ya mpangilio wake sikuwa nimehifadhi, kwa hiyo ikabidi nimuulize kimoja kimoja, naye ananitajia, mimi narudisha. Kumbe alikuwa na namna yake ya kupanga tabaka za mchoro, kuta peke yake, mabomba peke yake, ambayo mimi na kozi yangu hatukuifikiria. Nikamwomba niichukue. Akacheka, akanipa. Ramani ikawahi gari, na jina lake halikuingia kwenye orodha.

Sasa wewe unaanza kazi wiki ijayo. Ukiwa na kitu kizuri, waambie wenzako kipo, anayekitaka akichukue. Usimwekee mtu kabla hujakaa karibu naye ukamtazama anavyofanya. Na ukikosea, sema mara moja. Mimi yale madakika niliyonyamaza bado yananiuma kuliko kosa lenyewe. Mungu akujalie afya na kazi ya kukulisha, na akupe mtu wa kukuonya kwa upendo. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu, nenda salama.