Miti Mitatu ya Gun-Britt Siku ya Mahafali

Saa kumi na moja alfajiri, jua la Juni limekwisha kupanda na mji wetu wa Umeå, huku kaskazini kwenye baridi, bado umelala. Gun-Britt Sandlund, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, anarudisha kinyumenyume gari la idara ya bustani kwenye mtaa unaoshuka mtoni. Nyuma kapakia matawi mabichi ya björk, mti wa gome jeupe unaoota kila mahali huku, majani yake bado yananata vidoleni.

Anayashusha fungu baada ya fungu na kuyapanga kando ya barabara. Kisha anachomeka ubao alioandika kwa rangi nyekundu: "Wahitimu, hongereni. Chukueni haya. Ile mitatu niachieni."

Ile mitatu ni miche ya björk iliyosimama hatua chache kutoka hapo, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo zake mbili. Ina kimo cha mtu mrefu, na magome yake ndiyo kwanza yanaanza kuwa meupe. Mkuu wa bustani za mji ameahidi: ikimaliza siku ya leo na matawi yake yote, mtaa mzima utapandwa ndugu zake. La sivyo, italetwa miti ya aina nyingine kutoka vitalu vya kusini.

Mtu wa mbali atasema mti ni mti. Sisi hatusemi hivyo. Moto wa mwaka 1888 uliwaacha wengi wa wakazi wa mji huu bila paa. Walipojenga upya walipanua barabara na kupanda björk, ili moto mwingine ukija ukwamie kwenye majani mabichi. Aliyezaliwa hapa amelelewa chini ya miti hiyo, na anaipenda hata kama hatakwambia.

Lakini miti hiyo mikongwe inaanguka. Miaka tisa iliyopita dhoruba iliung'oa mmoja katika mtaa huu. Wenzake kazini wakiwa na misumeno, Gun-Britt alikuwa amepiga magoti anakusanya mbegu kwenye kopo la siagi.

"Ni ndogo kama vumbi la pilipili," anasema. "Ukipiga chafya, umekwisha."

Alipanda baadhi yake kwenye maboksi ya maziwa na kuyajaza dirishani jikoni, hata marehemu mumewe, Evert, akalalamika kwamba hana pa kuweka kikombe. Zikaota kumi na moja. Miche mitano ikauawa na baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Ikabaki sita, na mitatu kati yake ilipandwa hapa miaka mitatu iliyopita.

Huku kwetu, kijana akimaliza sekondari huvaa kofia nyeupe, akapanda lori lililopambwa matawi ya björk, akazunguka mji akiimba mpaka sauti ikauke. Matawi hutoka msituni. Aliyechelewa kuamka hukata popote.

"Mwaka jana, siku kama ya leo, nilikuta miche yangu imebaki vijiti vitatu," anasema Gun-Britt. "Nililia. Sioni haya kusema. Nililia hapa barabarani na glavu zangu mkononi."

Hakumshtaki mtu. Ninapomuuliza kwa nini, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Mwaka 1982 mimi ndiye niliyechelewa kuamka. Nilikata matawi mtaa huu huu, nikiwa juu ya bega la rafiki yangu, kwa kisu cha jikoni. Sasa nimshtaki nani?"

Badala yake aliipanda hapa hapa mitatu iliyobaki, na leo kaamka kabla ya wahitimu.

Roland Forsgren, anayeendesha gari la kuondoa theluji wakati wa baridi, anakuja na chupa ya kahawa. Anatumbukiza vipande vya jibini kikombeni, kama ilivyo desturi yetu, anautazama ubao.

"Hukuwaokea na keki?"

"Kunywa kahawa yako, Roland."

"Mtu aliye juu ya lori hasomi. Wataondoka na matawi, na ubao, na wewe juu yake."

"Mimi sipandi lori na watu wasiojua kuimba."

Saa nane mchana lori la kwanza linakuja likipiga honi. Limepambwa upande mmoja tu. Linasimama mbele ya miche hasa, na msichana mwenye gauni jeupe anaruka chini, anakimbia, anashika tawi. Gun-Britt anakaza mkono kwenye mpini wa reki.

Msichana anauona ubao. Anasoma. Anaachia.

"Jamani! Tumewekewa!"

Wanamiminika kama siafu. Msichana anamgeukia Gun-Britt. "Mama, ni wewe uliyetuletea?"

"Ndiyo, ni mimi. Na msisahau nyuma ya lori, kuko uchi."

Wanamwimbia wakiondoka, vibaya sana, kwa nguvu zote. Habari inaenda kwa simu, na malori yanafuatana. Hadi saa kumi yamepita kumi na saba, na mafungu yamekwisha.

Kisha linakuja la kumi na nane, halina hata jani. Vijana wanashuka, wanatazama ardhi tupu, wanaitazama miche. Roland anaweka kikombe chini. Kijana mmoja anainama, anaokota kitawi kilichoanguka, anakichomeka kwenye kofia yake. Wenzake nao wanaokota mabaki, kila mtu kimoja, wanaondoka wakishangilia. Nakiri hapo macho yangu yalilowa.

Saa kumi na moja jioni anafika Yvonne Ekbäck, mkuu wa bustani za mji. Anazunguka kila mche, anainua jani, anatazama mafundo ya kamba. Hakuna kilichokatwa.

"Mtaa mzima?" anauliza Gun-Britt.

Yvonne anavuta pumzi moja fupi ndani, midomo imebana. Kwetu kaskazini hiyo ni ndiyo kamili, haihitaji neno. Roland anarusha kofia yake juu, na Gun-Britt anamkumbatia mkuu wake, jambo ambalo watu wa Umeå hawafanyi kazini.

Mbegu zilizobaki za ule mti ulioangushwa na dhoruba ziko kwenye friza nyumbani kwake, chini ya samaki. Mashimo ya kupandia yatakuwa thelathini na manne, na miche itachukua miaka kadhaa kukua. Gun-Britt atakuwa amestaafu. Anasema atakuja kuipima kimo hata kama atatembelea fimbo.

"Basi anza Jumatatu," anasema Yvonne.

Gun-Britt ameshafungua mlango wa gari, aende akazitoe mbegu.

"Jumatatu ni mbali," anasema. "Na usiku wa leo, kama kila usiku wa Juni huku, hauna giza. Nilale nifanye nini?"