Karatasi Ndani ya Kihenge

Mwezi wa Juni 1944, nikiwa na umri wa miaka tisa, niliketishwa mbele ya nyumba yetu, upande wa Maganzo, ili ninyolewe kwa msiba wa baba yangu. Baba alikuwa askari katika vita vya Waingereza. Mwezi wa Machi mtu mmoja aliyerudi likizo alituambia kwamba meli ya askari imezama, na kwamba alimwona baba akipangwa kwenye mstari wa kuipanda. Baba mkubwa alisubiri mtama uvunwe, kisha akatangaza matanga.

Nilifahamu vizuri maana ya wembe ule. Tukishanyolewa, msiba umekwisha, na mji wetu nao umekwisha. Mama angerithiwa na baba mkubwa au angerudi kwao, mdogo wangu angebaki na ukoo, na mimi ningepelekwa Geita kwa shangazi ambaye sikuwahi kumwona.

Katika ukoo wetu wembe wa matanga hushikwa na mtani. Wetu alikuwa mama mfinyanzi, Msumbwa kwa asili, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mtani huruhusiwa kumtania mfiwa na kubeba chochote akionacho, na ni aibu kumkasirikia. Alinishika kichwa, akaujaribu wembe kwenye ukucha, kisha akauweka chini.

"Nianze na nani?"

"Na watoto," alisema baba mkubwa.

"Mimi huanza na maiti. Yuko wapi?"

"Mtani, unajua yuko baharini."

"Basi kamvueni! Mabingwa wa kuzika wasioonekana!"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akajilazimisha kucheka nao, maana angefanya nini?

"Nyoa, mtani, jua linapanda."

"Sinyoi na njaa. Kwanza nichukue changu."

Akaelekea kwenye kihenge tulimohifadhi mtama. Mama akasimama ghafla.

"Hapo usiguse, mayu, mama yangu! Chukua kuku, chukua vyungu."

"Ha! Mjane ana siri ndani ya mtama! Umemficha bwana mwingine?"

Akazamisha mkono hadi begani, akatoa bahasha iliyokunjwa, imejaa vumbi la nafaka.

Mama hakukana. Alisema ililetwa na tarishi wa baraza mwezi wa Mei, sisi watoto tukiwa malishoni. Wakati ule karatasi za baraza zilikuwa za kudai ng'ombe wa nyama ya askari, na sisi tulikuwa tumekwisha kutoa wawili. Aliona heri isisomwe na mtu yeyote.

"Umeficha amri ya serikali?" baba mkubwa akafoka. "Unataka tufungwe?"

"Nilitaka watoto wanywe maziwa, shemeji."

Aliyejua kusoma pale alikuwa mmoja tu, katekista aliyekuja kutupa pole. Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaifungua, akasoma kimya, akarudia mstari wa juu.

"Si ya ng'ombe," akasema. "Ni ya mwenye mji."

"Mwenye mji gani?"

"Huyu mnayemnyolea."

Barua iliandikwa na karani wa jeshi. Baba alitusalimu, akasema alishikwa na homa lakini sasa anakula, akauliza kama mtamba mwekundu amezaa. Mahali alipo hapakutajwa, wala meli. Baba mkubwa akatikisa kichwa.

"Aliandika kabla ya kuzama."

Katekista akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "Tarehe tisa Aprili. Habari ya meli mliipata lini?"

"Machi," mama akajibu.

"Basi aliyeandika Aprili hakufa Machi."

Mama akamwomba airudie tarehe ile. Akairudia mara nne. Mimi sikuelewa alama ndogo namna ile ingewezaje kumtoa mtu baharini. Nilijifunza kusoma mwaka 1957, katika darasa la watu wazima, nikiwa mama wa watoto watatu, na mstari ule ndio wa kwanza niliousoma bila msaada.

Baba mkubwa aliketi chini, akajifuta uso. "Mjinga yule!" akasema, na sasa kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Ana homa, anauliza mtamba!"

"Mnaniita msibani, msiba hakuna," mtani akalalamika. "Watu wa ovyo nyinyi!"

Baba alirejea mwaka 1946. Homa ile ndiyo iliyomtoa kwenye mstari, meli ikaondoka bila yeye.

Lakini mimi sikungoja 1946 ili niamini. Alasiri ileile, wageni wakiwa bado wanakula, ndama waliingia kwenye viazi vyetu. Tangu Machi mama alikuwa akisema nasi kwa upole, kama asemavyo mtu na wagonjwa. Sasa akasimama mlangoni.

"Wewe msichana! Macho yako yako wapi? Ndama wanamaliza viazi, umekaa kama mgeni!"

Nikakimbia kuwafukuza huku nikicheka, naye akaendelea kufoka nyuma yangu.