Mikono Bado

Mpishi wa nyumba ya padri alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ujana wake wote uliishia kwenye jiko lile la mkaa nyuma ya kanisa, akiwapikia mapadri wanaokuja na kuhamishwa, huku akimtunza mama yake mzazi, kipofu, katika chumba cha uani. Mume alishakwenda zake zamani, na wala hakumlilia.

Padri huyu wa mwisho alipendwa kuliko wote. Sauti, jamani! Akihubiri, hata walevi wapita njia walisimama. Kumbe hakuwa padri hata kidogo; sauti ile aliinoa sokoni, akinadi mitumba. Mpishi alilijua hilo siku mke wa jamaa huyo alipotokea mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, akimtaka mumewe. Jamaa akamtuliza hadi akaondoka, kisha akamgeukia mpishi: "Nisitiri, mama."

Angemuumbua palepale. Lakini mama yake alikuwa mahututi, na aliomba jambo moja tu, asife bila kupakwa mafuta matakatifu. Padri wa kweli alikuwa ng'ambo ya mto, na daraja limechukuliwa na maji. Basi mpishi akameza hasira. "Nitakusitiri," akasema, "ila ukampake mama yangu."

Alasiri hiyo jamaa akaingia na kanzu yake. Akampaka bibi kizee mafuta kwenye paji la uso, akanong'ona mawili matatu. Bibi akafumbua viganja, akavinyoosha, akingoja. Alishuhudia wengi wakipakwa enzi za macho yake, na alijua viganja navyo hupakwa. Jamaa hakujua. Akadhani anaagwa! Akaushika mkono, akautikisa kama anayefunga biashara.

"Haya bibi, ugua pole." Akatoka.

"Mikono bado," bibi akasema. "Mwite Baba amalizie."

Mpishi akatoka mbio. Chumba cha padri kilikuwa wazi, kanzu imetupwa kitandani, mwenyewe keshaingia mitini. Lo! Alimlaani hadi ukoo wake. Huku nyuma mama aliita: "Amekuja? Nife hivi hivi, mwanangu? Padri gani huyu asiyejua mikono?"

Mpishi akaivaa ile kanzu, ili mama asikie kitambaa kikichakacha. Akachovya vidole kwenye mafuta ya kupikia. Akapiga magoti, akampaka kiganja kimoja, kisha cha pili, akikaza koo na kunguruma maneno aliyoyasikia maisha yake yote. Uso wa mama ukalegea. Mpishi machozi yakamtoka, maana alidhani yamekwisha salama.

Mama akavuta pumzi puani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mikono yako inanuka vitunguu."

Akavifumba viganja vyake, akageukia ukutani. Aliishi hadi kesho yake jioni. Mpishi alimwomba radhi, akambembeleza, akamlilia kifuani, lakini mama hakumjibu neno.