Mbao za Kupandishia Sefu

Meneja wetu alikuwa mtu mwenye huruma nyingi. Najua hivyo kwa sababu alisema mwenyewe, kila mgeni alipoingia ofisini. Alininyooshea kidole pale nilipokaa na mashine yangu ya taipu, akasema, "Huyu binti tumemwajiri kwa kumhurumia, mguu wake uliliwa na polio." Mgeni alitikisa kichwa, akanena hujafa hujaumbika, kisha wote wawili wakanitazama kana kwamba sasa ni zamu yangu ya kushukuru. Mimi niliendelea kupiga taipu. Barua zote za chama kile cha wakulima wa korosho zilitoka mikononi mwangu, na zile alizoziandika meneja nilizisahihisha kimyakimya, maana bwana yule hakujua sentensi inakomea wapi.

Huruma yake ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mlangoni. Ofisi ilikuwa katika nyumba kongwe ya mawe, hapo Malindi mjini, na ili uingie ulipanda ngazi saba ndefu zisizo na pa kushika. Magongo yangu hayakuwa na kazi hapo. Kila asubuhi kaka yangu alinileta kwa baiskeli kutoka nyumbani kwetu Barani, akanishusha, akaenda zake. Nilimkabidhi tarishi magongo, nikaupa mlango mgongo, nikaketi juu ya ngazi ya kwanza, kisha nikajisukuma kwa mikono hadi ya pili, na ya tatu, buibui langu likifagia vumbi la viatu vya watu wote waliotangulia. Wakulima waliosubiri pale chini wakatazama kando kwa adabu. Wasio na adabu wakatazama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa na haya kama msichana yeyote.

Miaka mitatu nilimwomba anitengenezee njia. Mara ya kwanza alisema kamati itakaa. Kamati ilikaa, ikala sambusa, ikaondoka. Nilipomkumbusha aliniambia nyumba ni ya kale, ukiigusa ngazi ukuta wote utateremka. Baadaye alichoka hata kutunga sababu. "Mbona wapanda vizuri tu?" aliniuliza. "Mungu kakunyima mguu, kakupa mikono." Alicheka, na karani wa mapokezi naye akacheka, kwa kuwa alitaka kupandishwa cheo. Niliwachukia wote wawili siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Basi ikaja sefu. Chama kilikuwa kimenunua sefu ya chuma kutoka Mombasa, nzito ajabu, na mahamali walipoiteremsha barabarani walizitazama zile ngazi wakakataa katakata. Meneja hakuitisha kamati. Hakutaja ukuta. Alituma aitwe fundi seremala, Mgiriama mmoja kutoka upande wa Magarini aliyekuwa na karakana karibu na soko, na kabla ya adhuhuri fundi alikuwa amelaza boriti juu ya ngazi, akapigilia mbao juu yake, ukawa mteremko mpana hadi mlangoni. Sefu ikavutwa kwa kamba. Meneja alitembea ubavuni mwake ameiwekea mkono, akisema, "Taratibu, taratibu, isije ikaumia."

Nilikuwa nimetoka kwenda msalani ua wa jirani, na niliporudi nilikuta mteremko mtupu. Niliweka gongo moja juu ya mbao, nikaweka la pili, nikapanda. Nilipanda kwa kusimama. Nilifika mlangoni buibui likiwa safi, uso wangu ukielekea mbele kama wa watu wengine, na machozi yalinitoka nisijue yametoka wapi. Fundi alikuwa akikusanya nyundo na misumari yake. "Dadangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "hii kazi ni ya asubuhi moja tu. Hakuna aliyewahi kunituma nikufanyie wewe."

Jioni ile mbao zilibanduliwa. Meneja alisema zinaziba njia.

Nilipofika asubuhi iliyofuata, Jumatano, nilizikuta ngazi saba zinaningoja. Nilijaribu kugeuza mgongo kama kawaida, mwili ukakataa. Nilikaa juu ya kibaraza cha chini, mkabala na barabara, nikaegemeza magongo ukutani, nikamwambia tarishi aniletee meza na mashine, maana kama ni kazi nitaifanyia hapo. Alileta. Meneja alisimama juu mlangoni mikono kiunoni.

"Wanitia aibu," alisema.

"Kazi yako iko tayari, Bwana. Tuma mtu aichukue."

"N'takwambia neno moja. Jumatatu usipopanda, n'tatafuta mwengine wa kupiga taipu."

Nyumbani tulikuwa tukiutegemea mshahara ule, mimi na mama. Mama alinisikiliza, akaweka kando kifuu alichokuwa akikisugua. "Mwanangu, usijitie kiburi. Mpanda ngazi hushuka."

"Mama, mimi hata kupanda sijapanda."

Alhamisi fundi alipita, akanikuta nikipiga taipu juani. Nilimwuliza mbao zilikwenda wapi. Alitazama chini akijikuna shingo, kisha akaniambia zilipelekwa nyumbani kwa meneja, na kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyejenga nazo banda la kuku. Nilicheka mpaka tarishi akatoka kuangalia. Kicheko kilipokwisha nilibaki na hasira tupu.

Ijumaa kwetu ni siku ya sadaka. Watu wakitoka msikitini huwa na sarafu mkononi, na jicho linatafuta gongo. Halitafuti kingine. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipochagua mahali pa kukaa. Nilikuwa katikati ya barua ya kwenda Kilifi mzee mmoja aliposimama mbele yangu. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," alijibu, akaweka sarafu juu ya mashine, kando ya karatasi.

"Mzee, mimi ni mfanyakazi. Niko kazini."

"Ndiyo, mwanangu. Mungu akusitiri," akasema, na kwa kweli hakusikia hata neno. Nyuma yake alikuja mwingine, na mwingine. Mmoja aliitia sarafu yake ndani ya mashine, herufi zikakwama. Wote wale walikwenda zao wamepata thawabu, na hakuna aliyeuliza mtu mwenye mashine ya taipu anafanya nini nje. Ningeweza kulia. Lakini nilizikusanya zile sarafu kwenye leso, nikangoja.

Meneja alikuja na kanzu nyeupe, kofia yake imekaa vyema, yuko pamoja na wazee watatu wa kamati. Nilishika magongo nikasimama. Nilimnyooshea leso mbele ya wazee wake, mbele ya watu waliojaa barabarani.

"Pokea, Bwana. Hii ni ya chama. Watu wameona ofisi yenu haina uwezo wa kununua mbao, wakawatolea sadaka."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa wa wale wazee alizitazama ngazi, akanitazama mimi, akamgeukia meneja. "Na zile zilizopandisha sefu?" aliuliza. Leso nilikuwa bado nimeinyoosha, na sikuishusha mpaka meneja alipoipokea.

Jumatatu nilipofika mteremko ulikuwa umerudi, na safari hii fundi aliufunga kwa misumari mirefu. Mbao zilikuwa zilezile. Nilizijua, kwa kuwa zilikuwa na manyoya na mavi ya kuku yaliyokauka. Nilipanda taratibu nikikwepa. Meneja alikuwa mlangoni ananisubiri, amejiandaa kushukuriwa.

"Haya," alisema, "sasa umefurahi?"

Nikamwuliza kuku wamelala wapi.