Asidi Inakwenda Wapi?

Swali la deni la oksijeni lilipotokea kwenye mtihani wa baiolojia wa kidato cha sita, mguu wa rafiki yangu ulianza kukimbia chini ya meza. Nilikuwa safu ya jirani, nikausikia vizuri: ulikuwa mwendo uleule wa mchakamchaka.

Rafiki huyo anatoka Nyamigogo, kwa wazazi waliohamia kutoka Shinyanga na nyimbo zao za kulimia. Anataka uuguzi, na asipofaulu baiolojia hapati nafasi. Shida yake ni kwamba akisoma kitabu kinamtoka, lakini akiimba hasahau kitu. Nilipompelekea muhtasari wangu, niliokuwa nimeupanga kwa vichwa vya habari na kuupigia mistari, aliusukuma pembeni.

"Mwenzangu, karatasi hizo kaa nazo. Mimi nipe mlima."

Mlima tunao. Shule yetu iko Ngara, juu ya barabara ya malori yanayoshuka mpakani Rusumo, na kila alfajiri wanafunzi wote hukimbia mchakamchaka wakiimba. Yeye ndiye kiongozi wa nyimbo. Kesho yake, tulipoanza kupanda, akauliza kwa sauti yake ya shambani misuli inadai nini. Akatujibia mwenyewe mara ya kwanza; mara ya pili mstari mzima ukaitikia oksijeni. Tulihema, tukaimba kwa nini tunahema. Mapaja yalipowaka, tukaimba asidi ya laktiki. Dereva mmoja wa lori akatupigia honi kwa kufuata mdundo.

"Asidi inakwenda wapi?" akauliza rafiki yangu.

"Moyoni!" akajijibu, nasi tukaitikia.

Mwalimu wa baiolojia, aliyekuwa zamu, alicheka hadi akashika magoti.

"Kwenye ini, mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Ini."

Rafiki yangu alijitetea kwamba kwenye wimbo kila kitu huishia moyoni.

Tukarekebisha ubeti. Lakini kidato cha tano walikwisha kuupenda ule wa kwanza. Kila asubuhi sisi wa mbele tulitaja ini, na nyuma yetu wao wakanguruma moyoni.

Kwenye mtihani, mguu wake ulikimbia, kisha ukasimama katikati ya wimbo. Akatazama dari. Halafu akaandika haraka, akitabasamu. Tulipotoka nilimuuliza ameandika nini. Akakimbilia bwenini huku akiniimbia swali lilelile.

Matokeo hayajatoka. Naye mpaka leo hajaniambia kama aliandika ini au moyo.