Kuba Lisilo na Chuma

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mwezi wa Agosti: huo ndio wakati baba yangu alipoingia katika duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa karani, akaniambia twende Roma upesi. Naikumbuka dakika yenyewe, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nikihesabu misumari, na kila nilipokatizwa nilikuwa na tabia ya kuandika saa pembeni mwa karatasi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Sasa nimepita hamsini, nawe unapanga safari yako ya siku nne kwenye simu, kwa furaha kama niliyokuwa nayo mimi. Keti kidogo nikueleze.

Baba alikuwa fundi wa mawe. Babu ndiye aliyekuja Nakuru kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na baba akazaliwa Bondeni, katika zile nyumba za zamani za baraza. Alipokuwa kijana aliajiriwa kujenga kanisa la misheni moja upande wa Molo. Msimamizi alikuwa bruda Mwitaliano. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, bruda huyo alichukua mfuko mtupu wa simiti akachora juu yake jengo la duara lenye kuba kubwa na tundu katikati. Akasema liko Roma, ni la zege, limesimama karibu miaka elfu mbili, na ndani yake hamna hata ufito mmoja wa chuma.

Baba alikuwa ameshinda asubuhi nzima akikunja vyuma vya lenta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya milango na madirisha, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Aliona anachezewa.

"Hiyo haiwezi simama, Bruda."

"Basi nenda ukaone," bruda akamjibu.

Maneno hayo yalikaa ndani yake zaidi ya miaka arobaini. Kila alipokutana na mafundi wenzake alianzisha ubishi ule ule. Wengine walikubali kwamba wazee wa kale walijua mambo. Baba alikataa katakata. "Kuna chuma," alisema. "Walificha. Mimi nikisimama chini yake dakika tano tu, nitakionyesha kilipo." Mimi, niliyeacha shule darasa la nane na kujifunza mengine yote katika maktaba ya mji, nilimletea kitabu chenye maelezo na picha. Alikirudisha. Alisema kimeandikwa na mtu aliyekwisha kuamini.

Ndipo nikamwahidi kwamba nitampeleka akaone mwenyewe.

Niliweka akiba miaka mitatu, na miaka hiyo yote nilikuwa nikiandika katika daftari. Sikuwahi kufanya kazi kwa usafi kama ule. Nilijua kutoka hoteli hadi kituo cha treni ni hatua ngapi. Nilijua mlango upi una foleni fupi, choo kiko wapi, jua linaangukia ukuta upi saa ngapi, na maji ya bure yanatoka kwenye bomba la barabara gani. Siku ya kwanza peke yake ilikuwa na vituo tisa. Kuba la baba lilikuwa kituo cha sita, nikaligawia dakika ishirini na tano. Nilimsomea ratiba hiyo jioni nyingi, naye alisikiliza akiwa ameuinamisha uso. Nilipomfungulia picha alisema, "Wewe soma tu, nasikia."

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Alisimama mbele ya kaunta, mkono mmoja umeshikilia ukingo wake.

"Karani," aliniita hivyo, kwa utani, "hiyo safari twende mwezi huu. Ama ujao."

Nilimweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mteja tofauti ya rangi ya maji na rangi ya mafuta. Agosti Ulaya nzima iko likizo. Tiketi ziko juu, hoteli ziko juu, na jua ni kali. Februari kila kitu kinashuka.

"Miezi sita si kitu, Mzee."

"Kwako si kitu," alisema. Alingoja kidogo, labda nimuulize kwa nini. Sikuuliza. Akatoka, nami nikarudi kwenye misumari.

Jambo ambalo sikulijua ni hili. Wiki moja kabla ya siku hiyo alikuwa amekwenda kliniki ya macho peke yake, akaambiwa ana presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia limebaki nusu, na kilichopotea hakirudi. Hakuniambia. Usimlaumu haraka. Fundi wa mawe huajiriwa kwa jicho lake. Habari ikifika mjengoni kwamba jicho la mzee fulani limeanza kukosea, hakuna atakayempigia simu tena, na vijana wataanza kupima ukuta wake nyuma yake. Kwa hiyo mafundi huficha. Baba alikuwa ameficha miaka miwili, akitegemea uzi, timazi na kiganja cha mkono. Mtu aliyezoea kuwaficha wasimamizi hashindwi kumficha mwanawe, hasa mwanawe anapokuwa ameinamia daftari.

Dalili zilikuwepo. Alipojimiminia chai aliingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Nilidhani ni uzee. Tulipokuwa tukijaza fomu za viza, mwezi wa Desemba, aliweka sahihi juu kabisa ya mstari, ikakata maandishi.

"Mzee, ni hapa kwa laini. Umeharibu fomu."

"Leta ingine," alisema.

Nilileta nyingine, nikakishika kidole chake na kukiweka mahali penyewe, na moyoni nikanung'unika kwa sababu ya kupoteza karatasi. Mwanangu, nilikishika kidole chake na bado sikujua.

Mafundi wa Bondeni walikuja kumuaga. Mmoja alimwambia, "Mzee, ukikosa hicho chuma utatununulia chai mwaka mzima." Baba akamjibu, "Na nikikipata utabeba kokoto zangu bure mpaka Pasaka." Walicheka, naye alicheka nao, akiugeuza uso upande zilikotoka sauti.

Nilijua ukweli uwanja wa ndege, Nairobi, mbele ya ngazi zinazotembea. Watu walitupita huku na huku, naye alisimama kama amepigiliwa pale.

"Mzee, twende. Ni kukanyaga tu."

"Sioni inapoanzia," alisema.

Nikamtazama. Naweza kusema ilikuwa mara ya kwanza kumtazama katika miaka mitatu. Macho yake yalikuwa yameelekea kifuani mwangu.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi sioni uso wa mtu. Agosti nilikuwa naona vizuri kiasi. Ningeona."

Nilitaka turudi nyumbani. Alikataa. Alisema tiketi zimeshalipwa, na kwamba nimehangaika na hilo daftari muda mrefu mno. Akanishika juu ya kiwiko, na mkono huo haukuniachia mpaka tulipofika.

Roma ilitupokea kwa mvua na baridi kama ya Molo mwezi wa Julai. Baba alivaa koti zito la mtumba na kofia yake ya Jumapili. Vituo tisa vya siku ya kwanza vilikuwa upuuzi mtupu; mawe ya barabara yalikuwa yameloa, na kila hatua ilibidi niitangaze. Nilivifuta vyote isipokuwa kile cha sita. Tuliingia mle ndani kabla ya saa sita mchana. Mvua ilikuwa ikianguka kupitia tundu la juu hadi sakafuni, na walinzi walikuwa wamezungushia kamba mahali palipoloa. Tukasimama kando ya kamba.

"Tumefika?"

"Tumefika, Mzee. Kuba liko juu yetu."

Alivua kofia, akainua uso.

"Mwanga nauona. Haya, niambie."

Nilifungua daftari nikamsomea. Upana mita arobaini na tatu na kitu, kimo sawa na upana, tundu karibu mita tisa. Nilisoma vizuri, bila kukwama.

"Hizo ungenisomea Bondeni," alisema. "Sasa niambie unaona nini."

"Ni kubwa sana. Ni duara. Kuna visanduku vimechongwa ndani kwa ndani, safu tano."

"Vinapungua kwenda juu?"

"Vinapungua."

"Wanapunguza uzito. Kina chake?"

Sikujua.

"Zege la juu na la chini ni mchanganyiko mmoja? Changarawe yake ni nzito ama ni ile nyepesi ya volkano kama ya kwetu Menengai?"

Sikujua.

"Nyufa je? Kila zege lina nyufa. Zimeanzia chini ama juu? Hapo ndipo chuma kitajulikana."

Nikainua macho nikatafuta. Nilikuwa nimeuza simiti miaka kumi na minne. Nilijua bei ya kila mfuko na uzito wa kila ufito, na mbele ya ukuta ule sikuweza kutofautisha ufa na doa la maji. Miaka yote hiyo sikuwahi kwenda mjengoni nikasimama kando yake, nikamuuliza anatazama nini anapoutazama ukuta.

"Sioni, Mzee."

Alicheka kwa pumzi moja fupi. "Basi tuko wawili."

Tulikaa kwenye viti vya ibada vilivyomo mle mpaka miguu ikafa ganzi, yeye uso juu, mimi uso chini. Siku tatu zilizobaki hakutaka kutoka hotelini. Alisema mawe mengine hana ubishi nayo.

Tuliporudi, mafundi walimzunguka wakitaka jibu. "Mzee, kuna chuma?" Baba akasema, "Muulizeni karani. Yeye ndiye aliyeona." Wakanigeukia wote. Nikawaambia kitabu kinasema hamna. Mmoja akasema kitabu walikuwa nacho hata kabla ya safari, na mazungumzo yakaishia hapo. Chai hakuwanunulia, wala kokoto hakuna aliyembebea. Miaka minne baadaye tulimzika, na ubishi wake haukupata mwisho.

Kwa hiyo nikushauri hivi, mwanangu. Ratiba ni kitu kizuri na sikukatazi. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, uamke mapema kabla ya foleni, na siku moja uipe jambo moja kubwa. Mengine yakipatikana ni nyongeza. Lakini kabla ya kufungua ramani, mfungulie macho mtu utakayefuatana naye. Mtazame anavyopanda ngazi na anavyomimina chai. Akikwambia twende sasa, muulize kwa nini sasa, halafu unyamaze mpaka akujibu. Jifunze kwake anachotaka kukiona na jinsi ya kukiona, ili siku akishindwa uwe na cha kumwambia. Na kama kuna mtu umemwahidi na bado anaona, bado anatembea, lipa bei ya juu mwende.

Mungu akupe safari njema na macho ya kuwaona walio karibu nawe kabla ya kuona miji ya mbali. Akurudishe salama, na uliyefuatana naye arudi na jibu lake. Mimi kwa kusubiri miezi ile sita niliokoa, tiketi mbili na hoteli pamoja, shilingi elfu sitini na moja na mia nne.